Jinsi ya Kumwombea Mtoto Rufaa ya Upasuaji wa Mkojo Unaorudi Kwenye Figo

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi aliyeko Tanzania Bara, ambaye mtoto wake amegundulika kuwa na mkojo unaopanda kutoka kwenye kibofu kurudi kwenye figo, na daktari ameanza kutaja upasuaji wa kamera au wa matundu madogo tumboni.

Kabla ya kuomba lolote, kusanya kumbukumbu: tarehe za kila UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), majibu ya kuotesha mkojo ili kutambua vijidudu, ultrasaundi ya figo na kibofu, na zaidi ya yote ripoti ya eksirei ya kibofu, ambayo hupigwa mtoto akiwa amewekewa mpira wa mkojo, kibofu kikajazwa dawa inayoonekana kwenye picha, kisha akaachwa akojoe huku picha zikiendelea kupigwa. Ripoti hiyo itaje daraja la ukali wa tatizo, kuanzia la 1, lililo hafifu, hadi la 5, lililo kali zaidi. Isipotaja, irudishe uombe liandikwe, maana bingwa huliegemea sana katika uamuzi wake. Daraja la 1 na la 2 mara nyingi huisha lenyewe mtoto anavyokua, hivyo mzazi anayeambiwa asubiri huku mtoto akipewa dawa za kukinga UTI asidhani amenyimwa huduma.

Kisha mwombe daktari anayemtibu mtoto ajaze fomu ya rufaa kwenda hospitali yenye bingwa wa upasuaji wa watoto au wa njia ya mkojo. Kagua sahihi, muhuri, na jina la mtoto, ambalo lifanane na la cheti cha kuzaliwa na la kadi ya bima.

Kuhusu malipo, mwenye bima aulize mapema kama kifurushi chake kinagharimia upasuaji pamoja na dawa nzito ambayo, katika upasuaji wa kamera, huchomwa chini ya tundu ambapo mrija wa mkojo kutoka kwenye figo huingia kwenye kibofu, ili mkojo usirudi, na kama kibali kinahitajika. Asiye na uwezo achukue barua ya serikali ya mtaa au kijiji, amwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya siku ya kulazwa, si baada ya bili kutoka.

Kliniki, uliza ni njia ipi itakayotumika. Ile ya kamera hupitia njia ya mkojo, haiachi mshono, na ingawa mtoto hupewa dawa ya usingizi, mara nyingi huruhusiwa siku hiyo hiyo. Usitie sahihi fomu ya ridhaa kabla hujaelezwa uwezekano wa upasuaji kurudiwa. Mtoto akipata homa kabla ya tarehe ya upasuaji, toa taarifa, kwa sababu upasuaji huahirishwa hadi maambukizi yatibiwe.