Kilo zimeshuka, zisipande tena: mwongozo kwa jiko la nazi

Kupunguza kilo 10 ni kazi ya miezi. Kuzizuia zisirudi ni kazi ya miaka, na wanaoshindwa si wavivu. Mwili uliopungua unahitaji chakula kidogo kuliko ule wa zamani: kwa kila kilo uliyoiacha, mahitaji ya siku hushuka kwa kalori 20 hadi 30 hivi. Aliyetoka kilo 92 akafika 82 anatakiwa ale pungufu ya kalori 200 hadi 300 kila siku, sawa na chapati moja kubwa ya mafuta. Na huku homoni ya shibe imeshuka, ya njaa imepanda, hali inayoweza kudumu mwaka mzima na zaidi. Ndiyo maana sahani ile ile uliyokuwa ukila bila kunenepa, leo inakunenepesha.

Anza na tui

Kwa jiko la Tanga, mafuta mengi hayaonekani. Wali wa nazi, samaki wa nazi na kisamvu cha nazi vikikutana mezani, umekula tui mara tatu kwa mlo mmoja. Karibu theluthi ya uzito wa nazi iliyokunwa ni mafuta, na sehemu kubwa huingia kwenye kasimile, lile tui zito la kwanza. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga 4. Mafuta ya nazi yanasifiwa sana siku hizi, lakini kwa kalori hayana tofauti na ya alizeti, na mengi yake ni ya aina inayopandisha kolesteroli mbaya.

Kumwambia mtu wa Tanga aache nazi ni kumfukuza jikoni kwake. Kanuni iwe hii: chungu kimoja tu chenye tui kwa kila mlo. Wali ukiwa wa nazi, samaki abanikwe kwa ndimu, tangawizi na kitunguu saumu. Ukitaka mchuzi wa nazi, wali uwe mweupe.

Mchuzi wa watu 4 uende hivi. Chukua nusu ya nazi uikune kwenye mbuzi, tia vikombe 2 vya maji ya uvuguvugu, kamua, chuja kwa kifumbu. Usitenge kasimile, lote liwe tui moja jepesi. Kaanga kitunguu kwa kijiko 1 cha chakula cha mafuta, na kipime kweli kwa kijiko. Kijiko hicho ni kalori 120, na mkono unaomimina kutoka kwenye dumu hutoa vitatu bila mwenyewe kujua. Tia nyanya 3, kitunguu saumu, bizari, chumvi kidogo na biringanya moja iliyokatwa vipande. Acha viive hadi biringanya ipondeke kwa mwiko. Hapo mimina tui, koroga bila kuacha mpaka lichemke, kisha weka vipande vya changu au kibua. Dakika 10 zinatosha. Ndimu ikamuliwe baada ya kuepua, maana ukali wake hukata tui. Mchuzi ukionekana mwepesi, wengi hukimbilia kuongeza nazi. Ponda biringanya zaidi, uzito utoke huko. Samaki awe mbichi au wa kubanika, kwani aliyekaangwa huja na mafuta yake.

Ukipakua, nusu ya sahani iwe mchicha, matembele au kachumbari, robo samaki au maharage, robo wali: kikombe kimoja kilichoiva, kama kalori 200. Kwenye sinia la pamoja hesabu hupotea, kwa hiyo omba sahani yako bila haya.

Chai na machungwa

Vikombe 3 vya chai kwa vijiko vidogo 3 vya sukari kila kimoja ni gramu 36 hivi. Shirika la Afya Duniani linaona ni bora sukari ya kuongezwa isifike asilimia 5 ya nishati ya siku, yaani gramu 25 hivi. Punguza nusu kijiko kila wiki, ongeza iliki na mchaichai, ulimi huzoea. Machungwa ya Muheza uyale, usiyakamue. Glasi moja humeza matatu, na hakuna anayekaa akamenya matatu kwa mkupuo.

Jasho si mafuta

Kwa afya ya kawaida dakika 150 za mazoezi kwa wiki zinatosha. Kwa kuzuia uzito usirudi, lenga 250 hadi 300: dakika 45 kwa siku 6. Mji wa Tanga ni tambarare, na baiskeli ya kawaida, ukitoka Ngamiani kwenda Raskazone na kurudi kwa mwendo wa kukuhemesha, ni mazoezi kamili. Kipimo: uweze kuongea, usiweze kuimba. Toka baada ya alfajiri au jua likishapoa. Kuvaa jaketi zito ili utoke jasho ni kujichosha bure. Kinachopungua ni maji, na ukinywa yanarudi.

Siku 2 kwa wiki tia nguvu misuli, la sivyo nayo hupungua pamoja na mafuta: kaa na inuka kwenye stuli mara 12, pushapu za ukutani 12, kisha beba madumu mawili ya lita 10 hatua 40. Rudia mara 3. Na usijilipe kwa chakula. Saa nzima ya kutembea hufutwa na maandazi mawili na chai ya sukari.

Mizani

Pima mara moja kwa wiki, tuseme Ijumaa asubuhi baada ya choo na kabla ya chai, mizani ikiwa juu ya sakafu ngumu na si mkeka. Kesho yake baada ya pilau la harusi uzito waweza kupanda kilo 1 au 2. Ni maji yaliyoshikwa na chumvi na wanga, usijinyime chakula kwa hofu. Ukizidi uzito uliofikia kwa kilo 2, wiki mbili mfululizo, hapo andika kila unachokula, hata bagia ya kuonja, kwa siku 14. Utamwona mwizi.

Mwezi wa Ramadhani ndio huwaangusha wengi. Fungua kwa tende 3 na maji, swali magharibi, ndipo upakue. Kitu cha kukaanga kiwe kimoja: kama ni sambusa, katlesi na kaimati zisubiri kesho. Mihogo ya nazi ni wanga na tui kwa pamoja, kwa hiyo siku hiyo wali haupo. Daku iwe na maharage au mayai, ushibe muda mrefu. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari amwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, kwa sababu dozi na saa za dawa huenda zikabadilika.