Jinsi ya kuomba shule ya Marekani impime mtoto mwenye ulemavu

Naandika kwa ajili ya wazazi wenzangu wenye watoto katika shule za umma za Marekani, hasa familia zilizotoka Kongo na kupitia kambi kama Nyarugusu au Kakuma. Mimi ni mkalimani kwenye vikao vya shule. Wazazi wengi ninaokutana nao wamekwama mahali pamoja: walimweleza mwalimu shida ya mtoto kwa mdomo, wakaambiwa "tutaangalia", wakasubiri, na mwaka wa masomo ukaisha.

Hatua ya 1: Jua sheria zinazokulinda

Sheria ya IDEA, yaani sheria ya elimu ya watu wenye ulemavu, iliyotokana na ile ya mwaka 1975, inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kufundishwa kwa namna inayomfaa, bila malipo, kuanzia miaka 3 hadi 21. Mpango wa maandishi wa masomo yake ndio watu wanaouita IEP. Kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka 1973 kinamlinda pia yule asiyehitaji mafundisho maalumu bali kurekebishiwa mazingira. Mtoto mwenye selimundu, kwa mfano, aruhusiwe chupa ya maji darasani, aende chooni bila kuomba mara mbili, asikimbizwe uwanjani kwenye joto kali.

Makaratasi ya uhamiaji hayahusiki. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1982 katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe.

Hatua ya 2: Andika barua

Hapa ndipo pa kutulia. Usipige simu, usitume ujumbe kwenye programu ya darasa. Andika barua, weka tarehe, ipeleke ofisini mkononi, omba wagonge muhuri kwenye nakala yako, kisha tuma hiyohiyo kwa barua pepe kwa mwalimu mkuu na kwa idara ya elimu maalumu ya wilaya ya shule. Kama Kiingereza kinakushinda, andika kwa Kiswahili. Maneno yatoshe haya:

"Mimi ni mzazi wa (jina), darasa la (namba). Naomba afanyiwe tathmini kamili ya elimu maalumu chini ya IDEA, na pia chini ya Kifungu cha 504. Naomba apimwe katika lugha anayoifahamu. Mkikataa, naomba sababu kwa maandishi."

Sentensi ya mwisho usiifute. Shule ikikataa kupima, inapaswa kukueleza sababu kwa maandishi, na karatasi hiyo ndiyo utakayoitumia kulalamika.

Jibu mtakalolisikia sana ni "tusubiri kwanza ajifunze Kiingereza". Msikubali. Ni kweli kwamba kutojua Kiingereza peke yake si ulemavu, wala kukosa shule kambini si ulemavu, na sheria yenyewe inasema hivyo. Lakini hiyo si ruhusa ya kuchelewesha upimaji. Kwa hiyo ongeza aya inayoonyesha shida ilikuwepo kabla ya Kiingereza: alianza kusema akiwa na umri gani, je, hata kwa Kiswahili anashindwa kufuata maagizo mawili kwa mpigo, na ndugu zake waliokulia kambi hiyohiyo wamefika wapi kimasomo. Aya hiyo ina nguvu kuliko vyeti vingi.

Angalieni pia fomu ya lugha mliyojaza siku ya kumwandikisha. Wengi huandika "Swahili" kwa sababu ndiyo inayojulikana, kumbe nyumbani mtoto anasema Kibembe au Kinyamulenge. Atapimwa kwa lugha isiyo yake na majibu yatapotoka. Irekebisheni kabla ya vipimo. Na kama Kiswahili chenu ni cha Bukavu au Lubumbashi, semeni. Mkalimani wa Mombasa anaweza kupotea.

Barua ya daktari inasaidia, ila shule haiwezi kukutuma ukalipe daktari kwanza ndipo ikupimie mtoto.

Hatua ya 3: Tia sahihi fomu ya idhini

Siku 60 za kumpima huhesabiwa tangu shule ipokee idhini yako, si tangu barua. Majimbo mengine yana hesabu yao. Texas ni siku 45 za shule. Kwa hiyo fomu ikija, soma, saini, rudisha upesi. Kukubali apimwe si kukubali huduma. Hiyo ni sahihi nyingine.

Hatua ya 4: Kikao

Akionekana anastahili IEP, kikao cha kuandaa mpango kifanyike ndani ya siku 30. Omba mkalimani mapema; gharama ni ya shule. Dada yake wa miaka 14 asikalimani. Usilazimike kusaini siku hiyohiyo. Kataa maneno kama "atasaidiwa inapohitajika": dai dakika ngapi, mara ngapi kwa wiki, na nani.

Hatua ya 5: Msipoelewana

Unaweza kuomba mtaalamu wa nje ampime upya kwa gharama ya wilaya. Malalamiko ya IDEA hupelekwa kwa jimbo ndani ya mwaka 1. Ya ubaguzi, kwa ofisi ya haki za kiraia ya Wizara ya Elimu ndani ya siku 180. Kila jimbo lina kituo cha kuwasaidia wazazi wa watoto wenye ulemavu, bure. Anzia huko kabla ya wakili.

Hatua ya 6: Mkihama jimbo

Bebeni nakala ya IEP mkononi, msingoje shule zitumiane. Shule mpya inapaswa kumpa mtoto huduma zinazolingana na zile za zamani wakati ikiamua kama itampima upya.