Kabla Hujanukuu Kura ya Maoni: Mambo ya Kuzingatia Ukienda Maktaba

Liandike swali lako kwenye karatasi kabla hujatoka nyumbani. "Nataka maoni ya watu kuhusu usalama" si swali, na mkutubi hatakusaidia nalo. "Tangu 2010, wakazi wa Mombasa wana imani kiasi gani na polisi?" hilo ni swali. Lina watu, lina mahali, lina jambo na lina muda. Ukikosa kimoja kati ya hivyo utarudi nyumbani na makaratasi mengi yasiyokufaa.

Beba kitambulisho, daftari, kalamu na flashi. Fika asubuhi. Kama watoka Likoni, hesabu muda wa feri.

Ukifika, iwe ni maktaba ya Msanifu Kombo au ya chuo chako, usikimbilie kompyuta. Mwendee mkutubi umwambie swali lako lote, kisha umuulize mambo mawili: magazeti ya zamani yamehifadhiwa vipi, na maktaba imelipia hifadhi gani za majarida ya kitaaluma. Wanafunzi wengi humaliza chuo bila kujua kuwa karo yao imeshalipia majarida ambayo wao huyanunua au huyaiba.

Gazeti litumie kujua tu kwamba kura ilifanyika, lini na nani aliifanya. Likishakuonyesha hapo, liweke kando uitafute ripoti yenyewe. Kampuni za kura za maoni kama TIFA, Infotrak na Ipsos huweka ripoti zao mtandaoni. Afrobarometer, mtandao wa watafiti wa maoni barani Afrika ambao umekuwa ukihoji Wakenya tangu 2003, hutoa bure ripoti, hojaji na hata data ghafi, yaani majibu ya kila mtu kabla hayajajumlishwa. World Values Survey, utafiti wa kimataifa kuhusu maadili na imani za watu, nayo ilihoji Kenya katika duru yake ya saba. Kwa Marekani kuna Roper Center, hifadhi ya kura za maoni iliyoanzishwa 1947 na sasa iko Chuo Kikuu cha Cornell, lakini sehemu kubwa ya hifadhi yake hulipiwa, kwa hiyo uliza kwanza kama chuo chako kina njia ya kuingia.

Ripoti ikishapatikana, tazama nani alilipa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 kuhusu kuchapisha kura za maoni za uchaguzi inataka atajwe aliyeiagiza, aliyeifanya, tarehe, idadi ya waliohojiwa na kiwango cha makosa, yaani matokeo yanaweza kupotoka kwa pointi ngapi juu au chini. Ukikuta "utafiti" wa uchaguzi unaosambazwa bila mambo hayo, uache hapohapo ulipoukuta. Kura za kubonyeza kwenye mitandao ya kijamii usizihesabu kabisa, hata zikiwa na watu laki moja. Wingi haujawahi kuwa dawa. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilipokea majibu zaidi ya milioni mbili, likatangaza kuwa Landon angemshinda Roosevelt katika uchaguzi wa urais. Anwani zake nyingi lilizitoa kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, wakati nchi imo katika dhiki kuu ya uchumi na maskini wengi hawana simu wala gari. Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. Mtafiti wa maoni George Gallup, aliyehoji watu wachache mno kuliko hao lakini kwa kuwachagua vizuri, alimtaja mshindi.

Sasa nisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Binti wa jirani yetu Kisauni alikuwa akimalizia shahada yake. Mradi wake ulihusu imani ya wakazi wa Mombasa kwa polisi. Alikuwa mtoto mwenye bidii, maktaba waliizoea sauti yake. Akapata magazeti mawili ya miaka tofauti, kila moja lina habari ya kura ya maoni, na moja lina ramani ya Kenya iliyopakwa rangi kaunti kwa kaunti. Mombasa ya mwaka wa kwanza ilikuwa juu, ya mwaka wa pili imeshuka. Akajenga juu ya mshuko huo sura nzima: sababu za utafiti, nadharia, hata mapendekezo kwa serikali ya kaunti. Msimamizi wake alisoma haraka akatia sahihi.

Siku ya kuutetea mradi, mtahini mmoja alimuuliza swali moja: "Mombasa waliulizwa watu wangapi?"

Hakuwa na jibu. Gazeti halikusema. Akaambiwa arudi akafanye upya, na mahafali ya mwaka ule yakapita wenzake wakivaa majoho. Babake, ambaye hana mshahara wa mwezi, akatafuta karo ya muhula mwingine. Alipokuja kwangu alisema, "Ami, wameniuliza swali moja tu," akanyamaza. Nilimhurumia mno, kwa sababu swali lile alistahili kuulizwa na msimamizi wake miezi mingi kabla.

Tukaenda maktaba pamoja, tukakaa na karatasi. Piga hesabu hii nawe. Kwenye sensa ya 2019 Kenya ilikuwa na watu 47,564,296 na Mombasa 1,208,333, yaani kama asilimia mbili na nusu. Kura ya kitaifa ikihoji watu 2,400 na kuwagawa kulingana na idadi ya watu, Mombasa huangukiwa na kama sitini. Ikihoji 1,200, ni kama thelathini. Ile "kiwango cha makosa ni pointi mbili" iliyoandikwa chini ya ripoti ni ya nchi nzima. Ya watu sitini ni kama pointi 13. Maana yake, ukisoma kwamba asilimia 55 ya watu wa Mombasa wamesema ndiyo, ukweli waweza kuwa 42 na waweza kuwa 68. Watu thelathini, hali ni mbaya zaidi: pointi 18 hivi kila upande.

Na hata hao sitini hawakuokotwa mmojammoja mji mzima. Afrobarometer, kwa mfano, huchagua maeneo kisha huhoji watu wanane katika kila eneo. Sitini ni maeneo saba au manane. Je, ni Nyali ya wenye nacho mangapi na Changamwe ya wafanyakazi mangapi? Kura ikiangukia Mtopanga mara hii na Kizingo mara ijayo, utaona "mabadiliko ya maoni" ambayo kwa kweli ni mabadiliko ya mtaa.

Tulipopata ripoti zenyewe mambo yalizidi. Kura ya kwanza iliuliza kwa majibu manne, kuanzia siamini hata kidogo mpaka naamini sana, na gazeti likajumlisha mawili ya juu. Ya pili iliuliza ndiyo au hapana. Ya kwanza ilikwenda nyumba kwa nyumba, ya pili ilipiga simu, na asiye na simu hakuulizwa. Kulinganisha hizo mbili ni dhuluma kwa msomaji, na aliyechora ile ramani ya rangi bila kuandika idadi ya waliohojiwa kila kaunti alimdhulumu yule binti kwanza.

Mradi uliokolewa hivi. Aliacha magazeti, akachukua data za Afrobarometer zenye swali lilelile, kwa maneno yaleyale, katika duru zaidi ya moja. Akapanua eneo kutoka Mombasa hadi Pwani yote, kaunti sita zenye watu milioni 4.3, ambako kwenye sampuli ya 2,400 hupatikana kama watu 218 na kiwango cha makosa hushuka karibu na pointi saba. Kuhusu Mombasa peke yake akafanya hojaji yake ndogo, akaandika wazi kwamba ni ndogo. Ulipita.

Kwa hiyo kabla hujanukuu asilimia yoyote ya kaunti, fungua majedwali ya mwisho wa ripoti, ambayo wengi hawayafungui, uitafute idadi ya waliohojiwa pale. Isipokuwepo, waandikie wenye ripoti. Wasipojibu, usiitumie.

Soma swali kama lilivyoulizwa, kwa lugha iliyotumika kumuuliza mtu. Tazama waliosema "sijui" na waliokataa kujibu wamewekwa wapi, maana kuna wanaowatoa kisha wakakokotoa upya bila kukuambia. Tazama tarehe za mahojiano, usitosheke na tarehe ya kuchapishwa. Mwaka 2022 kura nyingi za mwisho zilimweka Raila Odinga mbele, tume ya uchaguzi, IEBC, ikamtangaza William Ruto mshindi wa urais kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85. Aliyekuwa na ripoti zenyewe mkononi aliweza kupima waliosema hawajaamua walikuwa wengi kiasi gani. Aliyekuwa na vichwa vya habari tu alibaki kubishana barazani.

Pakua faili, usihifadhi kiungo peke yake, kwa sababu kampuni hubadilisha tovuti na viungo hufa. Lipe faili jina lenye mwaka na mwezi. Andika siku uliyoipakua. Flashi ya saiba ichunguze virusi kabla ya kuitia kwenye kompyuta yako, na weka nakala ya pili kwenye barua pepe. Na ukipiga picha ukurasa wa gazeti la zamani kwa simu, hakikisha jina la gazeti na tarehe vimeingia kwenye picha, kabla hujalirudisha kwa mkutubi.