Jinsi ya kujua watu wameelewa nini kwenye tangazo la raba lenye staa

Nianze na aibu yangu. Kazi yangu ni kuwahoji watazamaji kabla tangazo halijatoka. Kikao cha kwanza kabisa nilichoendesha nilikaa na watu 7, nikawaonyesha tangazo la raba za kukimbilia lenye staa mkubwa, nikauliza "tangazo linasema nini?" na wote saba, mmoja baada ya mwingine, wakanirudishia kaulimbiu ya tangazo kama watoto wanaokariri. Nikaandika ripoti kwamba ujumbe umefika. Mteja akafurahi, akalipa, tangazo likatoka, na haikupita wiki watu mitandaoni wakawa wanalicheka kwa kitu ambacho hakuna hata mmoja kati ya wale saba aliyekitaja. Nikampigia mmoja wao. Akaniambia "aa hiyo si tuliiona wote, ila we hukuuliza."

Tangu siku hiyo nafanya hivi ninavyoelezea hapa chini. Huhitaji maabara wala programu ya kulipia, ni simu mbili, daftari, na uwezo wa kunyamaza, ambao kwa kweli ndo mgumu kuupata.

Hatua ya 1: liangalie mwenyewe kwanza

Chagua tangazo moja tu. Liangalie bila sauti, afu andika vitu vinavyoonekana kabisa, bila maana yoyote: uso, jasho, uwanja mtupu, kiatu kiko wapi, nembo ina ukubwa gani, maandishi yamekaa wapi. Ukimaliza ndo unaandika upande wa pili kile unachohisi kinadokezwa. Huu mgawanyo si wangu, mwandishi Mfaransa Roland Barthes aliufanya mwaka 1964 kwa tangazo la tambi za Panzani, akaonyesha kwamba nyanya na wavu wa sokoni kwenye ile picha havikuuza tambi tu, viliuza "Uitalia" mzima, na maneno yaliyoambatana na picha akayaita nanga, maana yanaizuia picha isielee kwenda maana nyingine.

Jaribu kwa lile tangazo la Nike la Septemba 2018 lenye Colin Kaepernick, mchezaji wa futiboli ya Marekani aliyepiga goti wimbo wa taifa ukipigwa, kupinga ubaguzi wa rangi. Kinachoonekana: uso wa mtu kwa karibu, nyeusi na nyeupe, sentensi mbili katikati zinazosema uamini kitu hata kama kitakugharimu kila ulichonacho, nembo ndogo chini. Hamna kiatu. Hamna mpira, hamna uwanja. Ziba zile sentensi mbili kwa kidole uone kinachobaki, uso wa kijana tu anakutazama, na asiyemjua atadhani ni tangazo la chochote kile.

Hatua ya 2: pekua mzigo wa staa

Hapa watu wengi wanaruka na ndo hapa kazi inaharibika.

Staa haji kwenye tangazo mikono mitupu. Mwaka 1989 mtafiti Grant McCracken alieleza kwamba maana inasafiri, inatoka kwenye maisha ya watu inaingia kwa staa, kutoka kwa staa inaingia kwenye bidhaa, kutoka kwenye bidhaa inafika kwa mnunuzi. Mcheza kikapu Michael Jordan alisaini na Nike 1984 na kiatu chake kikaingia madukani 1985, na aliyekinunua hakuwa ananunua ngozi na soli, alikuwa ananunua kipande cha ule mruko. Sawa. Ila maana haijui kuchagua, inabeba na takataka zake zote. Chukua mcheza gofu Tiger Woods, kashfa ya ndoa yake ilipasuka mwishoni mwa 2009, Aprili 2010 Nike ikatoa tangazo amesimama kimya anaangalia kamera, na sauti inayosikika inamhoji ni ya marehemu baba yake. Mtu asiyejua kashfa hawezi kuelewa tangazo lile hata umrudishie mara kumi. Anayejua, mwingine analia na mwingine anakasirika kwamba marehemu katumika kusafisha jina, na wote wawili wameangalia sekunde zilezile.

Sasa we kabla ya kikao andika ukurasa mmoja: staa huyu anasifiwa kwa nini, anatukanwa kwa nini, wiki iliyopita kafanya nini, ana dili gani nyingine. Usimwonyeshe mtu yeyote huo ukurasa. Ni wako, wa kukusaidia kusikia pale mtu anapougusa mzigo bila kuutaja jina.

Hatua ya 3: watu

Watano au sita kwa kikao wanatosha, zaidi ya hapo wawili wataongea na wengine watakuwa wanatingisha vichwa.

Usiwapange kwa umri na kipato tu. Mtafiti Mwingereza David Morley alipoonyesha kipindi cha BBC kwa vikundi 29, matokeo yake yaliyochapishwa 1980 yalionyesha watu wa tabaka moja wanaweza kusoma kitu kilekile kwa namna zinazogongana kabisa, viongozi wa vyama vya wafanyakazi wakibishana nacho, vijana mafundi wakikikubali, na wanafunzi weusi wengine hata hawakioni kinawahusu. Kwa hiyo mi naangalia mtu ana uhusiano gani na lile jambo: mmoja anayefanya mazoezi kweli, mmoja anayevaa raba kwa ajili ya kupendeza tu, mmoja shabiki wa timu pinzani, na mmoja, huyu mtafute hata kwa tochi, ambaye hamjui staa kabisa. Huyo wa mwisho ndo atakuambia picha inasema nini ikiwa peke yake, na wenzake wakianza kumwelezea "huyu ni nani" we washa kinasa sauti ukae kimya, kwa sababu jinsi wanavyomtambulisha staa kwa mgeni ndo usomaji wenyewe huo, na hawajui kwamba wanahojiwa.

Hatua ya 4: waonyeshe kama wanavyokutana nalo

Acha projekta. Hakuna mtu duniani anayekutana na tangazo la raba gizani kwenye skrini ya ukutani huku kila mtu kanyamaza. Anakutana nalo anaskroli, kati ya video ya mtoto anayecheza na habari ya ajali. Mi natengeneza mfululizo wa posti kumi na kitu kwenye simu, tangazo nalificha la sita au la saba, nampa mtu ashike mwenyewe, na naangalia kidole: kimesimama wapi, kimerudi nyuma au la, sauti kaifungua au hajaifungua.

Ukimaliza muulize ni zipi zilikuwa tangazo. Hapo utashangaa. Instagram wameweka alama ya ushirikiano wa kulipiwa tangu 2017 na bado watu wanaipita kama hawaioni, afu posti ya staa ambayo hajalipwa hata senti wanaiita tangazo kwa sababu tu kiatu kinaonekana vizuri. Si jambo jipya hili. Kombe la Dunia 1970 kule Mexico, Pelé aliomba mwamuzi asubiri kidogo ainame afunge kamba za viatu, kamera zote zikamfuata, na dunia nzima ikaona Puma. Ilikuwa imepangwa na kulipiwa, ila aliyekuwa anatazama aliona mtu anafunga kamba. Ndo maana nasema huwezi kutenganisha tangazo na vyombo vya habari vya kila siku, limelala humohumo ndani.

Hatua ya 5: maswali (hapa tulia)

Swali la kwanza, na kwangu ndo la muhimu kuliko yote: "Nisimulie kama vile mimi sijaliona." Basi. Usiulize linasema nini, usiulize umelipenda, maana ukiuliza hivyo utapewa jibu la heshima.

Mtu akisimulia anaanza kuacha vitu na kuongeza vitu. Niliwahi kusimuliwa tangazo ambalo staa "anakimbia asubuhi na mapema kabla watu hawajaamka", na kwenye tangazo hamna saa wala jua, ile asubuhi ameileta msimulizi mwenyewe, maana kwake jitihada ni kuamka mapema. Hiyo ni dhahabu. Mwingine tangazo lilelile akasimulia kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kutaja kiatu, nikamuuliza mwishoni walikuwa wanauza nini, akafikiria sana, akasema maji ya kunywa.

Sikiliza na viwakilishi, yaani nani anatenda kwenye sentensi. "Anatuambia tusikate tamaa", huyu kaingia ndani ya tangazo na staa ndo anaongea. "Wanataka tuamini kwamba…", huyu yuko nje na anayeongea ni kampuni, staa kawa kama spika tu. Na mtu mmoja anaweza kuhama kutoka "ana" kwenda "wana" katikati ya sentensi. Pale anapohamia weka alama, kuna kitu kimemshtua.

Kingine cha kusikiliza ni ukweli wa staa. Mwaka 1943 mwimbaji Kate Smith alikaa redioni kwa saa 18 huko Marekani akiomba watu wanunue hati fungani za vita, yaani waikopeshe serikali pesa za vita, na ahadi zilizoingia zilifika karibu dola milioni 39. Mwanasosholojia Robert Merton na wenzake walipowahoji wasikilizaji, kilichojirudia ni kwamba watu walimwona anatoka moyoni, kachoka kweli, anajitoa kweli. Sasa angalia matangazo ya michezo yanavyopenda jasho na kuhema. Jasho ndo ushahidi. Ndo maana mi huwa nauliza "unadhani hapa amechoka kweli?" na hilo swali dogo linafungua mambo kuliko maswali kumi ya "je unamwamini staa huyu kwa kiwango gani kati ya moja hadi tano".

Utakutana pia na yule anayesema matangazo hayamgusi yeye ila yanawaharibu watu wengine. Wote tunasema hivyo, mtafiti W. Phillips Davison aliliandikia hilo 1983. Usibishane naye. Muulize "hao wengine wakiliona hili wanafikiria nini?" na atakueleza kwa ufundi wa ajabu, kwa undani ambao mtu asiyeguswa hawezi kuwa nao.

Hatua ya 6: kupanga ulichosikia

Msomi Stuart Hall mwaka 1973 alitoa namna tatu za kusoma: kukubali kama mtengenezaji alivyotaka, kukubali nusu kwa masharti, na kupinga. Zitumie, ila bandika kwenye sentensi, usibandike kwenye watu. Mtu si droo. Kwenye kikao kimoja niliandika maneno ya dada mmoja hivi: "anasema kweli, ukijituma unafika, ila na yeye amezaliwa na ule mwili, mimi nikijituma hivyo goti litaisha, ila raba ni nzuri hiyo." Umeona? Amekubali, ameweka sharti, amepinga, amerudi dukani, yote kabla hajavuta pumzi.

Na kupinga si kutoelewa, hili linawachanganya sana wanaoanza. Waliochoma raba zao za Nike mwaka 2018 walilielewa lile tangazo la Kaepernick vizuri kabisa, tena walielewa haraka kuliko wengi, walichokataa ni msimamo. Wakati huohuo kulikuwa na wengine wanaomuunga mkono Kaepernick ila wakalikataa tangazo kwa sababu waliona kampuni inageuza kupiga kwake goti kuwa bidhaa. Ukiwaweka wote kwenye safu moja ya "maoni hasi" umeua data yako. Mi huwa naandika pembeni ya kila kukataa: anakataa nani, staa, kampuni, wazo, au wale watu wengine waliolipenda?

Hatua ya 7: komenti

Zisome, ila baada ya vikao, si kabla, zitakutia maneno masikioni. Na ukumbuke anayekomenti ni mwenye hasira au mwenye mapenzi, yule aliyepita kimya hayumo.

Hatua ya 8: andika tarehe kila mahali

Inaonekana kitu kidogo. Eliud Kipchoge alipokimbia umbali wa marathon Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1:59:40, siku ile ukimuuliza mtu kuhusu picha yake akiwa na zile raba za soli nene atakuambia binadamu hana mipaka. Mwisho wa Januari 2020 World Athletics, shirikisho la riadha duniani, wakatoa kanuni kwamba soli isizidi milimita 40, na mjadala wa "ni mtu au ni kiatu?" ukapamba moto zaidi. Picha ileile, miguu ileile. Kikao cha Oktoba na kikao cha Februari huwezi kuvijumlisha kama ni kitu kimoja, na kama hukuandika tarehe kwenye rekodi zako utabaki unajiuliza kwa nini kundi la pili lina wasiwasi na soli.

Ripoti yenyewe mi siku hizi naiandika fupi. Naweka masimulizi mawili yanayogongana, bega kwa bega, maneno ya watu yalivyo na vigugumizi vyao, chini yake nataja ni sekunde gani au neno gani kwenye tangazo lilipowatenganisha. Mteja mmoja aliniuliza asilimia ziko wapi. Nikamwambia watu sita hawana asilimia, nikamsomea lile simulizi la maji ya kunywa.