Namna ya kuongoza kipindi cha malaika nyumbani kwako

Kwanza angalia mwezi. Sitanii. Kama kundi lako lina wavuvi wa dagaa, kama langu hapa Igogo, Mwanza, ukiita kipindi wakati wa giza utabaki na kina mama na watoto tu, maana wanaume wako ziwani na taa zao. Mbalamwezi ikikolea dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala mwaloni, na wenyewe wako nyumbani wanashona nyavu. Hiyo ndiyo wiki yako. Mimi huchagua Jumatano saa kumi na mbili jioni, nikishafunga meza yangu ya dagaa Kirumba na kunawa harufu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya Sabato, lakini Jumatano wanakuja majirani wa kila namna: Wakatoliki, watu wa kanisa la AIC, na baba mmoja Mwislamu anayedai amefuata uji tu.

Usiwabebe malaika wote siku moja. Mara ya kwanza niliandika mistari kumi na tisa kwenye karatasi la manila, kuanzia makerubi wa Edeni mpaka yule wa Ufunuo mwenye mnyororo mkononi, tukaisoma mbiombio kama abiria wanaowahi kivuko cha Kamanga. Mwisho nikauliza nani ana swali. Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akasema: "Mwalimu, siku ya MV Bukoba malaika walikuwa wapi?"

Mkononi nilikuwa na kalamu, nikaanza kuifunika na kuifunua. Meli ile ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikitokea Bukoba, imeshaikaribia Mwanza. Mzee ana ndugu yake kwenye yale makaburi ya Igoma. Nikamjibu kitu kuhusu mapenzi ya Mungu, akaitikia kwa adabu, na wiki iliyofuata hakuja.

Kwa hiyo ukifundisha malaika katika mji huu, lijue swali hilo kabla hujawasha taa. Mimi sasa nafundisha sura moja tu, Matendo ya Mitume 12, kwa sababu yenyewe inaanza na swali la mzee. Mstari wa 2, Yakobo ndugu yake Yohana anauawa kwa upanga. Hakuna malaika hapo. Mstari wa 7, malaika anaingia gerezani kumtoa Petro. Wote wawili mitume, wote wa kanisa lilelile, na Luka hatuelezi kwa nini mmoja hivi na mwingine vile. Soma mstari wa 2 polepole, kisha nyamaza. Mtu akikuuliza sababu, sema huijui. Kisha wapeleke Waebrania 11, kuanzia mstari wa 33: imo orodha ya waliofunga vinywa vya simba na waliookoka makali ya upanga, halafu mistari michache mbele wamo waliouawa kwa upanga, na mstari wa 39 unawashuhudia wote kwa imani yao. Upanga uleule, imani ileile. Nilimfuata mzee nyumbani kwake nikamsomea hayo. Hakusema neno, ila Jumatano alirudi.

Sasa igizeni. Petro alilala katikati ya askari wawili, kafungwa minyororo miwili, na waliopewa zamu ya kumlinda ni vikosi vinne vya watu wanne wanne, yaani kumi na sita kwa mvuvi mmoja. Wavuvi wangu hucheka sana hapo. Mlaze kijana mkekani, mfunge mikono kwa zile kamba za kufungia magunia ya dagaa, weka "askari" huku na huku. Malaika aje ampige ubavuni kama Biblia inavyosema (kidogo tu, mwaka jana tulipata mpigaji mwenye bidii), amwambie ainuke upesi, ajifunge mshipi, avae viatu vyake.

Simamisha igizo hapo uulize: malaika aliyeangusha minyororo, mbona viatu hakumvisha? Usijibu wewe. Ngoja hata dakika mbili, ukimya hauui mtu. Kwangu alijibu kijana wa mtumbwini: "Tajiri anakupa mtumbwi na injini, nyavu unavuta mwenyewe." Nimefundisha miaka mingi, jibu zuri kuliko hilo sina. Minyororo na lango la chuma Petro asingeviweza, viatu alivimudu. Na walipopita njia moja tu, malaika akamwacha, maana kuanzia hapo alikuwa anaijua njia.

Roda mpe msichana mwenye sauti. Kanisa limekesha nyumbani kwa Mariamu, mama yake Yohana Marko, likimwombea Petro. Petro anabisha hodi. Roda anaitambua sauti, anafurahi mpaka anasahau kufungua, anakimbia ndani kutangaza, na waombaji wanamwambia ana wazimu. Aking'ang'ania, wanasema ni malaika wake. Yaani wako tayari kuamini malaika amesimama nje kuliko kuamini wamejibiwa! Hapa ndipo pa kuzungumzia imani, na usipapite haraka. Watu wengi kwenye kundi langu wanadhani imani yao ni ndogo mno. Waonyeshe hawa walioomba bila kutegemea, na Petro bado akatoka.

Mengine yapitie juu juu. Rafaeli yumo katika kitabu cha Tobiti, ambacho Wakatoliki wanacho katika Biblia yao na sisi hatuna, usigombane. Sisi Wasabato tuna maelezo yetu juu ya Mikaeli. Siku ya kwanza yaache kabatini. Jirani Mwislamu mwombe awaeleze anavyomfahamu Jibrili, naye atakaa zaidi ya uji. Akitokea wa kuuza mafuta ya malaika fulani, msomee Ufunuo 22:9, ambapo malaika mwenyewe anakataa kusujudiwa.

Rudi Matendo 12, mstari wa 3. Herode alimkamata Petro kwa sababu aliona kifo cha Yakobo kimewapendeza watu. Mtawala anatafuta makofi kwa shingo ya mtu wa dini. Hapo nafungua Katiba yetu ya 1977, ibara ya 19: kila mtu ana uhuru wa imani, pamoja na kubadilisha dini yake, na kueneza dini ni hiari ya mtu. Sisitiza neno "kila mtu". Jirani yetu wa uji yumo, na asiyesali kabisa yumo.

Jioni moja binti wa kiwanda cha samaki alisema kapangiwa zamu za Jumamosi, siku yetu ya Sabato, akauliza aache kazi au angoje malaika. Nikamwambia avae viatu kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa dini kazini na inampa mfanyakazi saa 24 za mapumziko kwa wiki, ila haimtajii kuwa ziwe Jumamosi, kwa hiyo ombi liwe la heshima na lenye mbadala. Tuliandika pale pale, juu ya ndoo ya uji iliyofunikwa: tarehe, jina la msimamizi, sababu kwa sentensi moja, kisha "niko tayari kuchukua zamu za Jumapili na za usiku wa Jumamosi jua likishazama." Tukaambatanisha barua ya mchungaji. Nakala moja apeleke, nyingine aisainishe mapokezi abaki nayo. Aliikunja mara nne akaitia kwenye kifuko cha simu, nikamwambia aitoe, barua ya ofisi haikunjwi hivyo, nikampa bahasha.