Kabla hujagusa koki ya chini ya tangi la maji safi la karavani

Kubadilisha koki ya kumwagia maji kwenye tangi la karavani ni kazi ndogo: koki moja, tepu kidogo, spana mbili. Lakini kinacholeta hasara kwa kawaida si koki yenyewe. Ni mdomo wa tangi, yaani kile kishingo cha plastiki chenye nyuzi za kuskrubu ambamo koki imekaa. Kikipasuka hicho, habari ya koki imekwisha. Sasa unashusha tangi zima. Karibu kila tahadhari iliyo hapa chini ni ya kuulinda mdomo huo.

Anza kwa kuhakikisha kwamba unashughulika na koki inayohusika. Chini ya karavani huwa kuna matundu kadhaa ya kutolea maji. Kuna la tangi, kuna mawili ya kukausha mabomba ya maji baridi na ya moto, na kuna kizibo cha hita ya maji, ambacho hakifunguliwi hita ikiwa bado ina moto au presha. Kuyatofautisha si kazi: zima pampu, fungua bomba la sinki ili presha itoke, kisha fungua koki unayoishuku. Ya mabomba itatiririsha kwa muda mfupi na kukauka, ila ya tangi itaendelea kumwaga mpaka uchoke kuitazama.

Halafu tazama maji yanavujia wapi hasa. Kausha koki kwa kitambaa, izungushie karatasi ya chooni, na urudi baada ya nusu saa. Karatasi ikilowa kwenye ncha ya kutokea maji, koki imechakaa ndani au kuna uchafu umekwama. Ikilowa pale koki inapoingia kwenye tangi, koki huenda ni nzima na tatizo likawa kwenye kiungo. Na ikilowa upande wa juu kabisa, angalia bomba la kupitishia maji yaliyozidi kabla hujalaumu kitu kingine. Koki nyingi za plastiki zinazodondosha zina chembe tu ya mchanga au unyoya wa plastiki uliobaki tangi lilipotobolewa kiwandani. Ifungue na kuifunga mara kadhaa maji yakiwa yanatoka kwa kasi. Ikipona, umeokoa mchana wako.

Kama kuibadilisha hakuepukiki, tangi liwe tupu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 150 lililojaa lina kilo 150 zinazokandamiza sehemu ile ile unayotaka kuifungua. Chagua uwanja tambarare, tia vigingi kwenye magurudumu, kata umeme wa pampu, na fungua kifuniko cha kujazia maji ili hewa iingie. Bila hewa maji yatatoka kwa kusitasita. Koki ikiwa imeganda na haifunguki, usiilazimishe tangi likiwa limejaa. Washa pampu utoe maji kupitia bomba la sinki, ukikumbuka kwamba yanaingia kwenye tangi la maji machafu, nalo lina kikomo. Na usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Sasa tuje kwenye nyuzi, ambako pesa nyingi hupotea. Vipimo vya mabomba ni vya majina zaidi kuliko vya rula. Uzi unaoitwa wa nusu inchi una kipenyo cha nje cha karibu milimita 21. Wa robo tatu karibu milimita 26. Wa 3/8 karibu milimita 17. Ukipima milimita 21 ukaenda dukani kuomba koki ya inchi moja kasoro, utarudi na kitu kisichoingia popote.

Tena kuna mifumo miwili. Magari yaliyoundwa Marekani hutumia uzi wa NPT, ambao pembe ya meno yake ni digrii 60. Sehemu nyingine nyingi za dunia hutumia BSP, wenye pembe ya digrii 55. Hatari ipo kwenye nusu inchi na robo tatu, kwa sababu mifumo yote miwili ina nyuzi 14 kwa kila inchi ya urefu. Koki ya mfumo mwingine itaanza kuingia vizuri kabisa, ikudanganye, kisha ikwame. Ukiongeza nguvu itatafuna plastiki. Kwenye 3/8 utagundua mapema, maana mmoja una nyuzi 18 na mwingine 19. Njia ya uhakika ni kwenda na koki ya zamani dukani na kuilinganisha uzi kwa uzi. Ukirudi, ijaribu mpya kwa vidole bila tepu. Inapaswa kuzunguka mara tatu au nne kwa ulaini. Ikikaza kabla ya hapo, itoe.

Jua pia tangi lako ni la plastiki gani. Mengi ni ya polithini, na polithini haishikwi na gundi. Gundi ya mabomba ya PVC haifanyi kitu hapo, na silikoni hubanduka baada ya muda. Mdomo ukipata ufa, dawa yake ni kuchomelewa kwa joto na fundi mwenye plastiki ya aina ile ile, au kutoboa tundu jipya na kufunga kiungo cha kubana chenye washa za mpira pande zote mbili. Mtafute fundi huyo kabla, si gari likiwa limeshafunguliwa.

Ndiyo maana sipendi ushauri unaosikika sana kwamba uondoe koki ya plastiki na kuskrubu ya shaba moja kwa moja kwenye tangi. Uzi wa mabomba umechongoka kidogo, kipenyo kikibadilika milimita moja kwa kila milimita 16 za urefu, na uzi wa shaba ukikazwa ndani ya plastiki hufanya kazi kama kabari kwenye gogo. Juu ya hapo shaba ni nzito: gari likipita kwenye barabara mbovu, koki inaning'inia na kutikisa kishingo kile kile. Maboresho yenye maana ni haya: nipo (kipande kifupi cha bomba chenye uzi) ya plastiki kwenye mdomo wa tangi, mpira laini wa maji ya kunywa uliobanwa kwa klipu za chuma kisichoshika kutu, na mwisho wa mpira huo koki ya shaba iliyofungwa kwa mabano kwenye fremu ya gari. Hapo koki inaweza kupigwa teke, kufunguliwa kwa hasira au kuganda, na tangi lisijue.

Koki inayofaa ni ya wenzo, ile yenye tufe lililotobolewa ndani, ambayo robo mzunguko unatosha kuifungua. Ukitazama tu wenzo unajua iko wazi au imefungwa. Dai yenye tundu la upana kamili wa bomba, na yenye alama kwamba inafaa kwa maji ya kunywa; NSF/ANSI 61 ni mojawapo. Shaba ya kawaida inaweza kuwa na madini ya risasi. Sheria ya Marekani tangu 2014 inaruhusu wastani wa asilimia 0.25 tu kwenye sehemu zinazoguswa na maji, kwa hiyo shaba iliyoandikwa kuwa haina risasi ndiyo ya kuchukua.

Kuhusu ukubwa, kipenyo kikiongezeka mara mbili eneo la tundu huongezeka mara nne, ndipo tangi linapomwagika haraka. Lakini mdomo ukiwa wa 3/8, koki ya robo tatu haitakusaidia kitu. Maji hupita kwa kadiri ya mahali pembamba zaidi. Koki za umeme za kubonyeza swichi ndani ya gari zipo, na zina raha yake. Binafsi ningezikubali tu zikiwa na njia ya kufungua kwa mkono, kwa sababu waya hufa siku usiyoitaka. Popote utakapoifunga, isishuke chini kuliko sehemu nyingine za gari, na ncha yake iwe na kofia ya kuzuia vumbi na wadudu.

Vifaa ni vichache: spana mbili (moja ya kushika, moja ya kuzungusha), tepu nyeupe ya mafundi bomba, tochi, miwani, beseni. Ongeza kizibo cha plastiki chenye uzi ule ule wa tangi. Ni kitu kidogo, lakini koki mpya ikikataa, kizibo hicho kitakufanya uendelee kuwa na maji. Tepu izungushwe mara tatu au nne kufuata mwelekeo wa kukaza, uzi wa kwanza ukiachwa wazi. Kaza kwa vidole, kisha ongeza mzunguko mmoja kwa spana. Kazi isifanyike jioni ya kuamkia safari.

Andaa pia dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5 au 6. Mililita moja kwa kila lita ya tangi inatosha. Ondoa kwanza chujio la maji, sambaza dawa hadi kila bomba linuke klorini, acha kwa saa nne, kisha suuza mpaka harufu iishe.

Jaza robo ya tangi kwanza, na karatasi yako ya chooni irudi kwenye kiungo. Ikibaki kavu, jaza lote, endesha gari mwendo mfupi wenye mitikisiko, ukague tena. Tone likionekana kwenye uzi, mwaga maji uanze upya na tepu mpya badala ya kuongeza nguvu. Na kama karavani italala mahali pa baridi kali, tangi likishakuwa tupu acha wenzo nusu wazi: koki iliyofungwa hubakiza maji ndani ya tufe, na maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9.