Unaenda kukimbia kilomita 42 kwa mara ya kwanza? Kichwa nacho kinataka mazoezi

Kama umeshakimbia 21 mara mbili tatu na sasa umejiandikisha 42 ya Kilimanjaro Marathon, najua unachojiambia maana hata mi nilijiambia hivyohivyo, kwamba 42 ni 21 mbili tu. Sio kweli bana. Ni kilomita 30 za miguu alafu 12 za kichwa, na hizo 12 ndo wengi wetu hatuzifanyii mazoezi kabisa.

Elewa kwanza kinachotokea huko. Mwili unatunza sukari kwenye misuli na ini, na kwa wakimbiaji wengi akiba inaanza kukata karibu na kilomita ya 30. Ubongo nao unategemea sukari hiyohiyo, so ikipungua husikii njaa tu, unasikia huzuni, hasira, unaanza kujiuliza nani alikutuma. Mi kwenye ya 33 nilitaka kulia bila sababu yoyote. Kwa hiyo sheria yangu ni moja: roho ikiingia giza, kula kwanza ndo uamue. Jeli (ile sukari nzito ya pakiti ya wakimbiaji), ndizi, soda, chochote ulichokizoea mazoezini, kunywa maji, alafu jipe dakika kumi. Mara nyingi lile giza linapita. Na ukianza kula mapema, tangu kilomita ya 8 au 10 kabla hujasikia kitu, linaweza lisikukute kabisa.

Alafu njia yenyewe uijue. Kule Moshi unaanza kwenda na kurudi barabara ya Dar, pamenyooka, unajiona una nguvu za ajabu, na watu wanakupita mbio mbio. Waache wapite, tafadhali waache. Mlima wa kuelekea Mweka unakuja baadae, umeshachoka na jua limeshapanda. Fika mjini siku moja kabla, panda daladala ya Mweka, kaa dirishani, chagua alama zako, mti, duka, kona. Siku ya mbio hauendi Mweka, unaenda dukani, ukifika dukani unaenda kwenye mti.

Hili la kuacha mbio liamue ukiwa nyumbani, akili imetulia. Sisi tumekuzwa na habari ya John Stephen Akhwari, Mtanzania mwenzetu, kwenye marathon ya Olimpiki ya Mexico 1968, alianguka akaumia goti na bado akamaliza, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi. Nampenda sana yule mzee. Lakini Eliud Kipchoge, yule bingwa wa marathon wa Kenya, nae aliishia njiani Olimpiki ya Paris 2024, maumivu yalimzidi, na hakuna aliyemvua heshima yake. Andika kwenye karatasi: naacha kama kifua kinauma, kama nina kizunguzungu, kama jasho limekata na jua linawaka, kama maumivu yananifanya nichechemee. Siachi kwa sababu nimechoka, au wamenipita, au saa inasoma vibaya. Na kutembea sio kuacha, tembea mlimani ukitaka, ndo maana ya kuwa na akili barabarani.

Mazoezini, walau mara moja, kimbia 28 au 30 peke yako, bila klabu na bila muziki masikioni. Ndo utajua kichwa chako kinasema nini kikichoka, na utapata neno la kukijibu. Mi langu ni bandu bandu, mguu wa kushoto bandu, wa kulia bandu, gogo linaisha lenyewe.

Wiki ya mwisho umepunguza kilomita na kichwa kina nafasi ya kuhangaika, goti ambalo halijawahi kuuma litauma. Usitoke kwenda kulijaribu kwa 20 nyingine! Usingizi wa usiku wa mwisho usiutegemee pia, lala vizuri usiku wa kabla ya huo.

Jioni ya kuamkia mbio chukua peni, kuanzia kilomita ya 31 kila moja mpe mtu wako, andika mkononi. Ya 31 nilimpa bibi yangu, ya 35 mwanangu, ya 38 yule rafiki alonikopesha raba zangu za kwanza. Unapofika kwenye kilomita ya mtu, humfikirii mwingine. Ya 42 niliiacha bila jina, na kelele za uwanja wa Ushirika, pale mbio zinapoishia, nilizisikia kabla sijauona.